Bajeti kupita si hela kuingia

Nimeulizwa tena wiki hii, na safari hii na mtu mwenye shahada ya uhasibu: "Baraza lilipitisha bajeti tangu Februari, mbona boma letu la darasa mpaka leo halina bati? Hela mmeipeleka wapi?" Picha ya boma ilikuwa imeshazunguka kwenye grupu la kata. Kuta zimefika kwenye lenta, ndani ya darasa majani yameota yanafika kiunoni, na chini yake mtu kaandika neno moja: wamekula.

Mimi ni afisa mipango wa halmashauri ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini. Sitasema watu hawali. Wakaguzi wa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hawaji kwetu kunywa chai. Ila kwa boma hili hakuna aliyekula, kwa sababu hakukuwa na cha kula.

Wote tumekaa vikao vya harusi. Kamati inapitisha bajeti ya milioni 15: ukumbi, mapambo, ng'ombe wawili. Makofi. Daftari la ahadi linasoma milioni 11. Mweka hazina akiulizwa taslimu, anasema 4. Hakuna anayemwita mwizi. Watu wanaanza kukata mapambo na kumpigia simu mjomba wa Tunduma. Bajeti ya halmashauri nayo ni hivyo hivyo, isipokuwa sisi mjomba wa Tunduma hatuna.

Rasimu ikitoka kwa madiwani inapanda mkoani, inakwenda TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na Hazina, inamalizikia bungeni. Ikifika Julai 1 tunakuwa na ruhusa ya kutumia fedha tutakazokusanya na tutakazoletewa, kwa vifungu vile vilivyoandikwa. Ruhusa tu. Kifungu kinaweza kusoma milioni 50 mwaka mzima na akaunti ikasoma sifuri, na mfumo hautoi hati ya malipo kwa sifuri hata mkurugenzi afoke vipi.

Barabara na maji nitayapitia haraka kwa sababu nimechoka. Barabara za wilaya zilihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Maji vijijini yalihamia RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019. Wana mameneja wao na bajeti zao. Lakini daraja likibebwa na mvua, anayesimamishwa mkutanoni ni mimi, maana nimekuja na gari lenye namba za SM, yaani Serikali za Mitaa.

Sasa twende kwenye mapato ya ndani, yale tunayokusanya wenyewe, ambako ndiko ugomvi ulipo.

Halmashauri za vijijini kama zetu zinaishi kwa ushuru wa mazao. Kuna leseni, kuna ushuru wa minada na stendi, lakini anayetuweka mjini ni kiazi, mahindi, mbao, na kwa waliobahatika chai au kahawa. Mwaka 2017 ushuru ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaovuka halmashauri ukasamehewa. Mkulima alifurahi, na mimi mwenye ekari za viazi nilifurahi pamoja naye. Jumatatu nilirudi mezani kurekebisha makisio. Mwaka huohuo usafirishaji wa mahindi nje ya nchi ukazuiwa, bei ikaanguka, na asilimia 2 ya bei iliyoanguka ni hela ya kununulia karatasi.

Njoo kwenye geti la ushuru saa nane usiku uone. Fuso limesimama, limefunikwa turubai, kijana wa POS, mashine ya kukatia risiti, kajifunga shuka la Kimasai kwa baridi. Dereva anasema magunia 80. Ni kweli, ukihesabu ni 80. Lakini kila gunia ni lumbesa, limevimba juu kwa nyavu na kamba kama lina mimba ya mapacha, na mashine inakata risiti kwa gunia. Huyo ni muungwana, kalipa. Mwingine anapitisha Canter usiku kucha, kila safari kilo mia tisa na ushee, msamaha wa tani moja mkononi. Sheria hajavunja. Na mvua ikinyesha mtandao unapotea, kijana anaandika kwenye daftari, na daftari nalo lina mambo yake ambayo leo sitayafungua.

Sasa piga hesabu. Tuseme tumekisia kukusanya bilioni 2. Tuseme tunapeleka asilimia 40 kwenye maendeleo, yaani milioni 800. Tuna kata 20, tugawe sawa: milioni 40 kila kata. Kumalizia boma la darasa moja tumezoea kutenga milioni 12.5. Hapo kata inapata vyumba vitatu na chenji. Tukikusanya asilimia 60 tu ya makisio, kata inabaki na milioni 24, na vyumba viwili vinahitaji 25. Bado sijagusa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, ambayo ipo kisheria na haisubiri boma la mtu.

Mtu atauliza, na ana haki: kwa nini mnakisia bilioni 2 kama mnajua hamzipati? Hapa vitabu vya mipango vinanyamaza. Makisio yanatakiwa yatokane na takwimu za msimu uliopita, ekari, bei. Tunaziandaa. Kisha unakwenda nazo kwenye kikao cha juu, unaambiwa halmashauri jirani imepanda kwa asilimia kadhaa, ninyi mmelala? Unarudi usiku kwenye laptop, namba inapanda. Viazi havijaongezeka hata debe. Madiwani nao wanaipenda namba kubwa, kwa sababu ndiyo inayoruhusu kila kata kuandikiwa kitu. Kila aliye mezani anajua, na kila mtu anasaini. Mwananchi wa grupu la kata anaona milioni 12.5 mbele ya jina la shule yake na anaamini ipo mahali.

Fedha za ruzuku kutoka serikali kuu ni habari nyingine. Zikija zinakuja na jina lake tayari. Mwaka 2021 madarasa ya mpango wa UVIKO yalikuja kwa milioni 20 kila chumba, Pwani milioni 20, huku juu milioni 20, ingawa tofali na saruji vinavyopanda milima ya Makete wakati wa mvua havijui usawa huo. Yalijengwa, tena kwa haraka ambayo sijaiona tena. Lakini hakuna kijiji kilichokaa kikachagua, na boma la nguvu za wananchi lililosimama mita mia kutoka hapo lilibaki linatazama.

Jambo hili ndilo linalonisumbua kuliko mengine. Tunafundisha kwamba mipango inaanzia kijijini, kwa Fursa na Vikwazo, yaani kikao ambacho wanakijiji wanataja walichonacho na kinachowakwamisha, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwetu. Nimeviendesha vikao hivyo. Watu wanaacha palizi, wanakaa juani, wanabishana kama ianze zahanati au nyumba ya mwalimu. Baadaye inashuka barua ya ukomo wa bajeti, inayosema mwisho wetu ni kiasi gani, na sisi maofisa wanne tunafyeka orodha ya vijiji vyote kwa alasiri moja. Sina hakika tena kwamba kikao kile cha kijiji kinabadilisha kitu. Naendelea kukiitisha kwa sababu mwongozo unataka, na kwa sababu pale watu wanapoamua kuchangia mawe na mchanga wenyewe, hiyo huwa kweli.

Kwa hiyo ukitaka kunibana, nibane vizuri. Kitabu cha bajeti kiweke chini. Omba taarifa ya mapato na matumizi ya robo, tazama safu mbili tu: kilichokusanywa, na kilichopelekwa kwenye akaunti ya shule. Kama kilichokusanywa ni kikubwa na kilichopelekwa ni kidogo, hapo simama useme wamekula, na mimi nitakuwa na maelezo ya kutoa. Mkutano mkuu wa kijiji upo kila miezi mitatu na mtendaji anatakiwa asome hizo taarifa. Wa kwetu uliopita haukufikisha akidi. Ilikuwa siku ya mnada.