Hipsi pana, mabega membamba: maswali ya akina mama wa Kisumu kuhusu mazoezi

Nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili usimame karibu na rundo la jinzi za mtumba. Dada anavaa suruali juu ya dera, anaivuta, anaruka kidogo, hipsi zinaingia kwa taabu. Halafu kiunoni panabaki pengo linalomeza ngumi nzima. Fundi wa cherehani aliye kando anapata riziki kwa pengo hilo. Mimi hufundisha kikundi cha akina mama mazoezi ya asubuhi hapa Kisumu, na pengo hilohilo ndilo huniletea maswali mengi.

Kochi, umbo la peasi ndilo lipi?

Ni nyonga kuwa pana kuliko mabega, mafuta yakijikusanya mapajani na makalioni, huku kiuno kikibaki chembamba. Peasi hatuzioni kila siku sokoni, kwa hiyo fikiria ovakado ya shingo ndefu iliyosimamishwa kwa kitako.

Mbona nikinenepa nanenepa chini tu?

Kwanza tazama mama yako na shangazi zako. Umbo hurithiwa. Pili ni homoni ya estrojeni, ambayo kwa mwanamke huelekeza mafuta kwenye nyonga na mapaja. Ndiyo sababu wasichana hubadilika umbo wakibalehe. Mwili huyaweka kama akiba, na mama anaponyonyesha, sehemu ya akiba hiyo hutumika kutengeneza maziwa. Hedhi inapokoma, estrojeni hushuka na mafuta mapya huanza kukimbilia tumboni. Akina mama wa miaka 50 na kuendelea kwenye kikundi chetu wanalijua hilo bila kuambiwa.

Ni ugonjwa?

Hapana. Mafuta ya mapajani hukaa chini ya ngozi. Yanayotia wasiwasi zaidi ni yale yaliyojibana ndani ya tumbo, kuzunguka ini na matumbo, kwa sababu hayo ndiyo yanayohusishwa sana na kisukari cha aina ya 2 na magonjwa ya moyo.

Azima futi ya fundi ujipime. Kiuno kipime katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umepumua kawaida, bila kuvuta tumbo ndani (wote huvuta, nimewaona). Kisha pima nyonga pale zilipo pana zaidi. Gawanya kiuno kwa nyonga. Kiuno cha sentimita 78 na nyonga za 108 ni kama 0.72. Kwa wanawake, Shirika la Afya Duniani huweka alama ya tahadhari kwenye 0.85. Wengi wenye umbo hili wako chini ya hapo.

Nipe zoezi la kupunguza mapaja peke yake.

Halipo. Mapaja yakifanya kazi, mafuta yanayochomwa hutoka mwili mzima kupitia damu, si pale tu misuli inapouma. Ungeinua mguu mara 500 kila usiku, mwili bado ungechagua wenyewe pa kuchota. Na kwa mwanamke, nyonga na mapaja mara nyingi huwa ya mwisho kuchotwa. Ndiyo maana dada akijinyima chakula, uso unakonda, kifua kinapungua, mifupa ya shingo inatokeza, na hipsi ziko palepale. Sasa tofauti ya juu na chini inaonekana zaidi kuliko alipoanza. Nimeliona hili mara nyingi mno, na huniudhi, maana mtu ameteseka bure.

Basi nifanye nini?

Jenga juu. Mabega na mgongo vikipata misuli, macho huona mwili uliolingana hata kama nyonga hazijapungua sentimita moja. Huhitaji jimu. Chukua mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5 uliokwisha, uoshe, utie maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo una chuma cha kuinua ambacho unakiongezea uzito kwa kikombe.

Zoezi ninaloanza nalo ni la kuvuta. Shika kiti au benchi kwa mkono mmoja, inama kutoka nyongani, mgongo ukiwa umenyooka kama meza. Mkono wa pili uache uning'inie na mtungi, kisha uvute hadi kwenye mbavu, kiwiko kikipita karibu na mwili. Ukisikia kazi mkononi tu, unakosea. Isikike nyuma ya bega. Shusha polepole. Mara 8 hadi 12, badilisha mkono, pumzika, rudia mpaka raundi tatu. Mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Siku ukimaliza 12 huku unapiga gumzo, ongeza maji.

La pili ni pushapu, lakini anzia ukutani. Baadaye uende kwenye meza imara, kisha sakafuni. La tatu, simama wima, mtungi mdogo kila mkono, usukume juu kutoka mabegani bila kupinda kiuno nyuma.

Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, ukiacha siku ya mapumziko katikati.

Sitatoka mabega ya mwanamume?

Hutatoka. Testosteroni yako, ile homoni ya kiume inayokuza misuli, ni ndogo sana ukilinganisha na ya kaka yako. Akina mama wanaobeba ndoo za lita 20 tangu utotoni hawajageuka mabaunsa.

Na miguu niiache?

Usithubutu. Misuli ya makalio na mapaja ndiyo mikubwa mwilini, inalinda magoti na mgongo. Chuchumaa ukigusa kiti kwa makalio kisha usimame, au lala chali, kunja magoti, uinue nyonga. Goti likilalamika, tumia kiti kirefu zaidi.

Ongeza kutembea kwa haraka: dakika 150 kwa wiki ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa watu wazima. Kisumu jua huwaka mapema, kwa hiyo toka saa kumi na mbili asubuhi. Anayetaka mlima aende Riat. Walio Nakuru wana miinuko ya kuelekea Menengai, hawana kisingizio.

Mkanda wa kubana kiuno je? Na vidonge vya mtaani?

Mkanda unabana tu, ukiuvua kila kitu kinarudi mahali pake. Vidonge visivyo na jina la kueleweka usimeze.

Nile nini?

Misuli hujengwa kwa protini: omena, mayai, maharagwe, ndengu. Ugali haujakukosea, punguza tu ule mlima na uongeze mboga.

Ni lini nisije kwako, niende hospitali?

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, nenda siku hiyohiyo, huenda ni damu iliyoganda. Miguu yote ikivimba na kidole kikiacha shimo ukibonyeza, moyo na figo vikaguliwe. Kuna pia hali iitwayo lipidima: miguu hunenepa sawasawa hadi kwenye vifundo huku nyayo zikibaki nyembamba, inauma ikiguswa na huvilia damu kwa urahisi. Mazoezi peke yake hayaiondoi.

Nitaona matokeo baada ya muda gani?

Nguvu utaisikia ndani ya wiki chache. Umbo huchukua miezi miwili au mitatu. Usiulize mizani, maana misuli nayo ina uzito. Vaa ile blauzi inayoning'inia mabegani, uiangalie tena kila mwisho wa mwezi.