Amplifaya ya gitaa ya valvu ikigoma, soma volti kabla ya kuagiza valvu

Ukiwa Tabora, valvu ya 6V6 (bomba la kioo linalokuza sauti) kwa kawaida utaiagiza Dar na kuisubiri. Kwa hiyo mtindo wa kubadilisha valvu kwa kubahatisha hautufai, na hata ungetufaa, hauna maana: amplifaya uliyoiunda mwenyewe ikigoma, kosa mara nyingi liko kwenye waya ulizounga. Mita ya bei nafuu italiona.

Nazungumzia ile ndogo ya wati tano hivi inayoundwa na wengi: 12AX7 moja mbele, 6V6GT moja ya kusukuma spika, na 5Y3GT ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC. Ndani yake mna volti 350, na kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Shika rizista ya kiloomu 10, wati 5, kwa koleo lenye mpini wa plastiki, igusishe kati ya kapasita ya kwanza na chasi (bati linalobeba vifaa vyote) kwa sekunde kadhaa, kisha pima. Ikisoma chini ya volti 10, ingiza mkono. Wakati wa kupima ikiwa imewashwa, mkono mmoja ukae mfukoni. Na usiiwashe kamwe bila spika. Transfoma ya kutolea sauti huungua upesi ikikosa mzigo.

Washa mara ya kwanza kupitia globu ya zamani ya waya, wati 60, iliyoungwa mfululizo na waya wa moto. Globu za LED hazifai hapa. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, kuna shoti: zima, chomoa 5Y3, jaribu tena. Ikififia sasa, tatizo liko baada ya valvu hiyo, na mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita iliyogeuzwa miguu. Isipofifia, angalia waya za hita (kipashio cha moto ndani ya valvu) na transfoma yenyewe.

Shoti isipokuwepo, toa globu na usome volti za kweli, waya mweusi wa mita ukiwa kwenye chasi. Mguu wa 8 wa 5Y3 utoe karibu 350. Mguu wa 4 wa 6V6, yaani skrini, baada ya rizista ya kiloomu 10, karibu 300. Baada ya kiloomu 22 inayofuata, karibu 250. Anodi za 12AX7 (mabati yanayopokea elektroni), mguu wa 1 na wa 6, zisome kama 150, na kathodi zake (zinazotoa elektroni), 3 na 8, volti moja na nusu. Anodi ikisoma 250 kamili, nusu hiyo ya valvu haipitishi umeme: kathodi haijafika kwenye chasi, au hita haiwaki. Miguu huhesabiwa kwa chini, kufuata mwendo wa saa. Anayeihesabu kwa juu huunga kila kitu kinyume, na kosa hili nadhani ndilo linaloongoza.

Pima na umeme wa ukutani. Transfoma ya volti 220 ikipewa 245, hita za volti 6.3 hupanda hadi 7.0, wakati mwisho ni 6.9. Ukishuka sana jioni, sauti hulegea bila kosa lolote la fundi.

6V6 ikiwa nyekundu kwenye bati lake la ndani, zima mara moja. Pima kathodi, mguu wa 8: volti 19 kwenye rizista ya omu 470 ni miliampea 40. Toa 3 za skrini, zidisha zilizobaki kwa volti 320 zilizo kati ya anodi na kathodi: karibu wati 11.8. Kiwango chake cha juu ni 12. Ikizidi, pima mguu wa 5, ambao lazima usome sifuri. Ukikuta volti mbili au zaidi, ng'oa mguu mmoja wa kapasita ya maikrofaradi 0.022 inayoleta sauti hapo. Ikirudi sifuri, kapasita inavuja. Isiporudi, hapo ndipo valvu yenyewe inashukiwa. Uvujaji mdogo hauleti wekundu, huleta mkwaruzo tu, na ukipiga solo safi kama za Kiko Kids au Tabora Jazz, bendi za zamani za hapa Tabora, utausikia mara moja.

Mngurumo una kipimo kisichohitaji mita. Piga waya wa sita wa gitaa, kizuizi (freti) cha tatu: hiyo ni hezi 98. Mngurumo ukilingana nayo, ni hezi 100, yaani kapasita za kuchujia zimechoka au hazijaungwa vizuri. Maikrofaradi 22 inatosha ya kwanza. Ukiweka 100, 5Y3 itapiga cheche inapowashwa. Mngurumo ukiwa chini ya hapo kwa oktavu nzima, ni hezi 50: hita au ethi. Sokota waya za hita pamoja, zibane kwenye kona ya chasi, na kila upande uupeleke kwenye chasi kwa rizista ya omu 100. Kisha chomoa 12AX7. Mngurumo ukibaki, geuza transfoma moja digrii 90 kwa nyingine; mimi naona hili lifanywe kabla ya kutoboa bati.

Ikipiga yowe tangu inapowashwa, na una rizista ya kurudisha sauti kutoka kwenye spika, badilisha nafasi za waya mbili za spika kwenye transfoma. Yowe likinyamaza, umemaliza.

Mikwaruzo ya ghafla wakati wa kiangazi mara nyingi ni vumbi kwenye soketi. Safisha kwa spiriti, kaza vibanio, kisha gonga polepole kwa kijiti kikavu cha mti. Panapokwaruza ndipo lehemu ilipokosa kushika. Utaiona ni ya kijivu, haing'ai.

Fyuzi iwe ya miliampea 500, aina ya polepole. Ikikatika mara ya pili usiongeze ukubwa, rudisha globu.