Fortingall: nyumba za nyasi zinazosingiziwa uzee

Fortingall ni kijiji kidogo cha Perthshire, Uskoti, karibu na mahali bonde la Glen Lyon linapofunguka. Kuna barabara moja, kanisa, hoteli na nyumba chache zilizoezekwa nyasi. Baadhi ya majengo yake yamo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa na sheria. Kuhusu kijiji na kuhusu orodha yenyewe husemwa mengi, na sehemu kubwa si kweli.

"Nyumba za nyasi zile zina mamia ya miaka."

Hili ndilo kosa kubwa, na halimshangazi mtu, maana macho yenyewe yanadanganya. Nyumba hizo zilijengwa karibu na mwaka 1890. Mwenye ardhi alikuwa Sir Donald Currie, tajiri wa meli, aliyenunua shamba la Glenlyon mwaka 1885 na kumwita msanifu James MacLaren akijenge upya kijiji. MacLaren hakunakili vibanda vya wakulima wa Nyanda za Juu za Uskoti, vilivyokuwa vifupi na vilivyofunikwa kwa mabonge ya udongo wenye majani na vichaka vya milimani. Alichukua paa nene linalopinda juu ya madirisha kama nyusi, mtindo wa kusini-magharibi mwa Uingereza, akaliunganisha na ujenzi wa Kiskoti. Alifariki mwaka 1890 kabla hajafikisha miaka arobaini, na kazi ikaendelezwa na wasanifu Dunn na Watson, ambao ndio waliosanifu pia kanisa la sasa, 1900 hadi 1902.

Kwa hiyo kinacholindwa pale ni wazo la msanifu, wala si uzee. Na fedha zilizojenga kijiji zilitoka baharini: kampuni ya Currie, Castle Line, ilibeba barua na abiria kwenda Afrika Kusini. Mwaka 1900 iliungana na Union Line ikawa Union-Castle, jina ambalo wazee wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam walilisoma kwenye meli zilizotia nanga bandarini kwao.

"Pontio Pilato alizaliwa hapo."

Hadithi tamu, lakini hesabu inaikataa. Pilato alitawala Yudea kuanzia mwaka 26 hadi 36. Jeshi la Warumi liliivamia Britania mwaka 43, na likaingia Uskoti miongo kadhaa baadaye. Shahidi anayeitwa kila mara ni mti mkongwe ulio uani mwa kanisa, wa aina iitwayo yew, mmoja wa miti yenye umri mkubwa kabisa Ulaya. Mwaka 1769 shina lake lilipimwa likakutwa na mzingo wa zaidi ya mita 15. Mti huo ni wa ajabu kweli, ila hauwezi kuandikwa kwenye orodha: orodha ni ya majengo, miti ina sheria yake.

"Parokia maana yake kanisa ndilo lenye mamlaka."

Orodha ya Uskoti hupangwa kwa parokia, lakini hizi ni parokia za kiraia, mipaka ya zamani ya utawala ambayo haijawa na baraza lake tangu 1930. Zimebaki kama anwani tu. Anayeandika jengo kwenye orodha ni Historic Environment Scotland, na anayetoa au kukataa kibali ni halmashauri. Kwa Fortingall ni Perth and Kinross.

"Daraja C ni la kujazia orodha, unaweza kufanya utakavyo."

Hapa ndipo watu huumia. Madaraja A, B na C huonyesha uzito wa jengo, lakini sheria ya Uskoti ya mwaka 1997 kuhusu majengo haya haiyatofautishi kwenye suala la kibali. Kubadilisha sura ya jengo la C bila kibali ni kosa la jinai sawasawa na la A. Tena kosa halizeeki, na amri ya kurekebisha haiangalii nani alilifanya: ukinunua nyumba ambayo mwenye awali aling'oa madirisha ya mbao akatia plastiki, halmashauri inaweza kukuagiza wewe uyarekebishe.

"Kinacholindwa ni uso wa mbele."

Kinacholindwa ni jengo lote, nje na ndani: ngazi, milango, meko, nakshi za dari. Vibanda na kuta za uani vilivyokuwapo kabla ya tarehe 1 Julai 1948 kwa kawaida navyo vimo. Maelezo yaliyo kwenye orodha hayataji kila kitu, na kutotajwa hakumaanishi kuachwa. Ukitaka kujua sehemu gani haimo, tafuta mahali palipoandikwa wazi kwamba imetolewa, jambo ambalo sheria ya 2014 iliruhusu.

"Huruhusiwi hata kupigilia msumari."

Kuziba paa linalovuja kwa nyasi zilezile na kwa mtindo uleule, kwa kawaida, hakuhitaji kibali. Nyumba ni ya kuishi, si makumbusho, na hakuna anayekulazimisha kuwafungulia watalii mlango. Hatari kubwa mara nyingi ni fundi mwenye nia njema na mfuko wa saruji. Ukuta wa zamani wa mawe uliojengwa kwa chokaa hupumua: maji huingia, kisha hutoka. Upige lipu ya saruji ngumu, nayo itapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua itaingia humo ikose njia ya kutokea, jiwe lililo nyuma lianze kumenyeka, na ndani ya chumba ukute madoa ya unyevu juu ya rangi mpya. Saruji inasifiwa kuwa imara, na hapo uimara huo ndio ubaya wake.

"Serikali inalipa."

Kuwamo kwenye orodha hakuji na hundi. Ruzuku zipo, huombwa na hugombewa. Wakati huohuo, ukijenga nyumba mpya Uingereza au Uskoti, VAT yake ni sifuri. Ukikarabati ya kihistoria unatozwa asilimia 20. Zamani mabadiliko yenye kibali kwenye makazi yaliyo kwenye orodha yalisamehewa kodi hiyo, hadi Oktoba 2012. Kwangu huo ni uamuzi wa ovyo: unaagizwa utunze, halafu unatozwa kwa kutunza.

"Kila kilichomo kanisani kiko salama."

Sheria inashika kilichofungwa kwenye jengo. Kanisa la Fortingall lilikuwa na kengele ndogo ya mkono, ya chuma, kutoka enzi za watawa wa kwanza wa bonde lile, ikiwa imewekwa ndani ya wavu ukutani. Ukuta unalindwa. Kengele iliibwa mwaka 2017.