Hotpoti za dada na mlango wa Bab el-Mandeb

"Kaka, mzigo wangu unatoka China. Hao Wahuthi wananihusu nini?"

Dada alinirushia swali hilo Jumapili moja ya Februari 2024, nyumbani kwa mzee Temeke, sahani ya wali ikiwa bado mkononi. Simu yake alikuwa ameiegemeza kwenye jagi la maji, na kwenye kioo kulikuwa na ujumbe wa yule anayemkusanyia mizigo Guangzhou: nauli ya kontena imepanda tena, na meli waliyoitegemea wiki ile imesogezwa mbele. Ndani ya kontena hilo, alilochangia na wenzake watatu wa Mtaa wa Kongo, kulikuwa na hotpoti, chupa za chai na seti za sufuria. Ramadhani ilikuwa inaingia wiki ya pili ya Machi. Anayeuza vyombo Kariakoo hahitaji kuelezwa: hotpoti ikifika baada ya Idi, hiyo ni mzigo wa stoo.

Mimi ni wakala wa forodha. Huu ni mwaka wa 19 natoa mizigo bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo katika ukoo wetu chochote kinachokwama baharini ni kesi yangu. Siku ile nilimjibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa na njaa. Leo najibu kwa urefu, maana wateja wengi wameniuliza vilevile, na jibu linalozunguka mtaani ni kwamba "wameamua tu kupandisha."

Kwanza kisa chenyewe, kwa ufupi. Tarehe 19 Novemba 2023, wakati vita vya Gaza vikiwa na wiki sita, Wahuthi, kundi lenye silaha la Yemeni, walishuka kwa helikopta juu ya meli ya kubeba magari iitwayo Galaxy Leader na kuiteka, pamoja na mabaharia wake 25. Walisema wanazilenga meli zenye uhusiano na Israeli. Muda si mrefu zikaanza kupigwa hata meli ambazo uhusiano huo ungeutafuta kwa tochi. Katikati ya Desemba kampuni kubwa za makontena, Maersk na wenzake, zikasimamisha safari za Bahari ya Shamu na kuanza kuzungukia kusini, Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini.

Bab el-Mandeb ni mlango wa bahari wenye upana wa kilomita 30 hivi pale palipobana, Yemeni upande mmoja, Jibuti na Eritrea upande wa pili. Ukitoka Asia kwenda Mfereji wa Suez huna njia nyingine. Kabla ya mgogoro, karibu 30% ya makontena ya dunia yalikuwa yanapita Suez. Kuzungukia kusini kunaongeza kati ya siku 10 na 14 kwa safari moja ya Asia kwenda Ulaya.

Lakini dada yangu alikuwa sahihi. Meli inayotoka kusini mwa China kuja Dar inapita mlango wa bahari wa Malaka, inakata Bahari ya Hindi, inaingia kwetu. Haina shughuli yoyote Bab el-Mandeb. Wenye haki ya kulia moja kwa moja walikuwa watu wa mitumba na wa vipuri vya Ulaya, ambao mizigo yao hushuka kupitia Suez. Sasa wa China analipa nini?

Fikiria daladala. Barabara ya Kilwa ifungwe, magari ya Mbagala yalazimike kuzunguka mbali. Gari lililokuwa likipiga safari nane kwa siku linapiga tano. Abiria hawajapungua hata mmoja. Nauli ya Mbagala inapaa, na mwenye daladala ya Gongo la Mboto naye ana macho: anahamishia gari lake kule kwenye pesa. Wewe unayeishi Gongo la Mboto, ambaye barabara yako haina hata shimo, unasimama kituoni saa nzima, na gari likija konda anataja bei yake bila kupepesa.

Kwenye meli hesabu ni ileile. Huduma ya kila wiki inataka meli moja kwa kila wiki ya mzunguko. Kama kwenda Ulaya na kurudi ni wiki 12, unahitaji meli 12 ili kila Jumatatu pawe na moja gatini. Ongeza wiki mbili za kuzungukia kusini, unahitaji 14. Hizo mbili za nyongeza hazioti kama uyoga. Zinavutwa kutoka njia nyingine, na njia za Afrika Mashariki, zenye meli ndogo na mzigo mchache, nazo hazisalimiki. Halafu kuna makontena matupu: yanayochelewa kushushwa Rotterdam yanachelewa kurudi China kupakiwa upya, kwa hiyo kiwanda cha hotpoti kina mzigo tayari lakini hakuna sanduku la kuutia. Mwaka ule ilikuja pia bahati mbaya ya kalenda. Mwaka Mpya wa Kichina ulikuwa tarehe 10 Februari, na kila mtu alitaka kupakia kabla viwanda havijafungwa.

Dada alisikiliza, akamenya chungwa, akasema, "Sawa, nauli nimeelewa. Lakini mbona na ushuru umepanda? Serikali nayo inapita Bab el-Mandeb?"

Swali hilo lilinifurahisha, kwa sababu ni sehemu ambayo wafanyabiashara wengi huilipia bila kuiona. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, thamani ya forodha ya mzigo wa baharini inahesabiwa kwa CIF, yaani bei ya bidhaa, jumlisha bima, jumlisha nauli. Ushuru haukatwi kwenye bei uliyonunulia kiwandani. Unakatwa kwenye jumla hiyo. Chukua mfano wa bidhaa yenye ushuru wa 25%, na nauli iliyotoka dola 2,000 ikafika 5,000. Nyongeza ni dola 3,000. Ushuru juu ya nyongeza hiyo ni 750. Kisha VAT ya 18% inapigwa juu ya nauli hiyo pamoja na ushuru wake, yaani 3,750, unapata 675. Dola 3,000 za mwenye meli zimekuwa 4,425 mfukoni mwako, na hapo sijagusa bima wala tozo ndogondogo. Hakuna aliyepandisha kiwango cha kodi. Kiwango kimekaa palepale. Kilichovimba ni kile kinachotozwa. Binafsi naona huu ni udhaifu wa mfumo. Kombora likirushwa Yemeni, mapato yetu ya forodha yanaongezeka kwa kumkamua mtu yuleyule aliyekwishaumia kwenye nauli. Wenzangu wa kazi hawapendi nikisema hivi.

Mzee alikuwa kimya muda wote huo, akichambua samaki wake. Ana miaka sabini na kitu, na masikio yake yameharibiwa na injini, hivyo tukadhani hafuatilii. Ghafla akasema, "Hata sisi tulizungukia huko."

Baba alianza ubaharia mwaka 1973, kazi ya kufuta mafuta kwenye chumba cha injini. Wakati huo Suez ilikuwa imefungwa tangu vita vya Israeli na Waarabu vya Juni 1967. Meli 14 zilinaswa ndani ya mfereji, kwenye Great Bitter Lake, zikakaa humo hadi mchanga wa jangwani ukazigeuza rangi ya manjano. Mfereji haukufunguliwa mpaka tarehe 5 Juni 1975. Kwa hiyo miaka miwili ya kwanza ya kazi yake, safari ya Mombasa kwenda Ulaya ilikuwa ni kushuka hadi mwisho wa Afrika na kupanda tena upande wa pili. Anakumbuka baridi ya Agulhas kuliko anavyokumbuka London. Agulhas, si Rasi ya Tumaini Jema, ndiyo ncha ya kusini kabisa ya bara letu, na mkondo wa maji ya moto unaoteremka kutoka kwetu unakutana pale na mawimbi ya kusini-magharibi uso kwa uso. Baba hufanya ishara ya ngumi mbili zikigongana.

Kontena la dada lilifika wiki moja baada ya Idi. Zile siku ambazo kontena hukaa bandarini bila kulipiwa tuliziwahi, na hilo ndilo nililojivunia. Hotpoti nyingine zilienda kwa kamati za harusi. Nyingine zilimsubiri mwaka mzima zikiwa zimepangwa hadi dari sebuleni kwake, ukikaa kwenye kochi unaziona kama ukuta wa pili.

Kumbe hilo lilikuwa jambo dogo. Mwanawe wa kwanza, mpwa wangu, alikuwa amemaliza Chuo cha Bahari Dar es Salaam na kuhangaika karibu miaka miwili kutafuta meli. Mwezi wa Mei akapigiwa simu na wakala wa ajira za mabaharia: ipo nafasi kwenye meli ya shehena ya kichele, yaani mzigo usiofungashwa, aondoke ndani ya siku kumi, njia ni Ghuba ya Aden na kupanda Bahari ya Shamu. Tarehe 6 Machi, miezi miwili tu nyuma, kombora lilikuwa limeipiga True Confidence kwenye Ghuba ya Aden na kuua mabaharia watatu, Wafilipino wawili na Mvietnamu mmoja. Rubymar, iliyokuwa na mbolea tumboni, ilikuwa imezama siku chache kabla ya hapo.

Akaja kwangu usiku, na mkataba kwenye simu. "Shikamoo, Mjomba. Wanasema eneo hilo wanalipa mara mbili."

Walichomwambia kina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni hatari. Chini ya makubaliano ya IBF, jukwaa la kimataifa la majadiliano baina ya waajiri na vyama vya mabaharia vilivyo chini ya shirikisho la ITF, sehemu hiyo ilitangazwa eneo la hatari ya kivita. Baharia aliye chini ya makubaliano hayo hupata mshahara wa msingi mara mbili kwa siku anazokuwa ndani ya eneo, fidia ya kifo na ulemavu mara mbili, na lililo kubwa kuliko yote, haki ya kukataa kuingia na kurudishwa kwao kwa gharama ya kampuni. Lakini si kila meli iko chini ya makubaliano hayo. Tulikaa mpaka saa sita usiku, kifungu kwa kifungu. Neno la nyongeza ya mshahara halikuwamo. Haki ya kukataa haikuwamo. Kilichokuwamo ni mstari unaosema baharia atafuata njia yoyote ambayo mwenye meli ataelekeza.

Sikumwambia asiende. Mtoto wa miaka 24 aliyesubiri miaka miwili humwambii hivyo. Nilimwambia aombe kwa maandishi kile walichomwahidi kwa mdomo. Aliandika. Wakala akamjibu kwa simu kwamba foleni ya wanaoitaka nafasi ni ndefu, na kesho yake nafasi ikawa ya mtu mwingine.

Hapo nyumbani pakachimbika. Mama yake, ambaye wiki nzima alikuwa akisali asiende, sasa alilia kwamba kazi imepotea. Nilimuelewa vyote viwili. Alikuwa na ukuta wa hotpoti sebuleni na mkopo wa kikundi wa kurejesha, na dola za mwanawe zilikuwa zimeshapangiwa kazi. Mlango uleule uliomfungia biashara ndio uliokuwa unamfungulia mshahara maradufu. Nilipomsikia anauliza kwa sauti ya chini, "Lakini meli nyingi si zinapita salama?" sikuwa na la kusema. Ni kweli, nyingi zilikuwa zinapita salama.

Wapo waliopata kwenye mambo haya na waliopoteza, na hawakupangwa kwa mujibu wa nani aliunga mkono nani. Misri, jirani wa Gaza, ilishuhudia mapato ya mfereji yakianguka kutoka takriban dola bilioni 10 mwaka 2023 hadi karibu bilioni 4 mwaka 2024. Bima ya vita kwa safari moja ilifikia karibu 1% ya thamani ya meli. Meli ya dola milioni 50 inakata karatasi ya nusu milioni kwa kupita mara moja tu. Mwenye meli hufanya hesabu hiyo na kugeuza usukani. Wateja wangu huniuliza bei itarudi lini, wakidhani ni siku vita vitakaposimama. Ni siku mwenye bima atakapoamini kwamba vimesimama, na huyo ni mgumu wa kuamini. Julai 2025, baada ya miezi ya utulivu, meli za Magic Seas na Eternity C zilizamishwa na Wahuthi ndani ya wiki moja. Kila aliyekuwa anajiandaa kurudi Suez akarudisha mipango kabatini.

Mpwa wangu alipata meli nyingine mwishoni mwa Juni 2024, ya njia ya kusini. Nikashusha pumzi, kisha nikasoma kwamba Julai 9 meli ya CMA CGM Benjamin Franklin imeangusha makontena 44 baharini kwa dhoruba huko huko Afrika Kusini. Hilo sikumwambia dada.

Ujumbe wa sauti wa mpwa wangu ulitufikia Jumapili tena, tukiwa Temeke. Upepo mwingi, maneno machache: tumepita Agulhas, mimi mzima, nimetapika siku mbili. Dada alitaka kujua anakula nini. Mzee akasema tumsogezee simu mdomoni, tumrekodie.

"Mjukuu wangu, mawimbi yanawajia upande gani?"

Jibu lilifika baada ya saa moja na nusu, wakati tumeshaosha vyombo. "Mbele, Babu. Mbele, mkono wa kushoto."

Mzee akaitaka irudiwe. Tukamrudishia mara mbili, simu ikiwa imebanwa kwenye sikio lake la kulia, ambalo ndilo lenye nafuu.

"Ndiyo," akasema. "Hapohapo."