"Fursa za serikali zina wenyewe": maneno ninayoyasikia kila wiki Arusha na Moshi

Nafanya kazi ya hesabu na ushauri wa kodi kwa wafanyabiashara wadogo na wa kati. Kuna sentensi moja nimeichoka: "Fursa za serikali zina wenyewe." Anayeisema huwa ni mtu makini kabisa, mwenye duka linalotembea, anayejua bei ya gunia la vitunguu soko la Kilombero, Arusha, na tofauti yake na soko la Mbuyuni, Moshi. Ukimwambia kuna kanuni mpya inayogusa biashara yake, anatikisa kichwa. Bila kuwa na mtu wizarani, anasema, wewe ukisikia, wenzako wameshakula.

Tarehe zinamkatalia. Katazo la mifuko ya plastiki lilitangazwa bungeni Aprili 2019, likaanza kutumika 1 Juni mwaka huo. Agizo la kuzitaka taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku kuachana na kuni na mkaa lilitolewa 2023, na tarehe ya ukomo, 31 Januari 2024, ikasemwa hadharani. Uenyeji wa AFCON ya 2027, mashindano ya soka ya mataifa ya Afrika, tulipewa pamoja na Kenya na Uganda Septemba 2023. Muswada wa Sheria ya Fedha unasomwa kila Juni, wadau wanaitwa kutoa maoni, na sheria inaanza 1 Julai. Mambo haya yote yalisikika redioni, tena kwa Kiswahili.

Wapo wanaopata habari mapema, sikatai. Ila kusikia mapema bila kusoma hakujamsaidia mtu. Chukua hiyo mifuko. Waliokimbilia kuagiza mifuko mbadala kwa kusikia tu walichukua ile myepesi, maana ndiyo ilikuwa bei rahisi. Kiwango cha TBS, Shirika la Viwango, kinataka uzito usiopungua gramu 70 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo mzigo mwepesi haukuwa halali tangu siku unashushwa. Na kanuni zilezile ziliacha nje vifungashio vya plastiki vya hospitali, viwanda, ujenzi, kilimo na usindikaji wa chakula, mradi vikidhi viwango. Mama anayesindika karanga Majengo hakuwa na sababu ya kusimamisha uzalishaji, lakini wapo waliosimamisha, kwa sababu kijiweni walisikia "plastiki marufuku" na wakaishia hapo.

Ndiyo maana kila mteja namwambia kitu kilekile, mpaka wengine wananitania: usisome gazeti linalosimulia sheria, soma Tangazo la Serikali lenyewe. Anza na tafsiri ya maneno, uone sheria inamwita nani nani. Nenda kwenye misamaha. Kisha tarehe ya kuanza, kisha adhabu. Kanuni nyingi ni kurasa chache, na ikiwa Kiingereza kinakusumbua, mlipe mtu akusomee. Gharama yake haifiki hata ya safari moja ya kwenda Dar kumtafuta huyo "mtu".

Ukishasoma, toka ofisini ukawatazame waliobanwa. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo pesa ilipo. Agizo la kuni lilipotoka, kila aliyekuja kwangu alitaka kuuza mitungi ya gesi. Nikawaomba waende kwanza kwenye jiko la shule yoyote ya bweni, Kibosho au Marangu, wakae pale asubuhi moja. Utaona masufuria ya makande yamekaa motoni tangu alfajiri, ukuta mweusi kwa masizi, na mpishi anayepima moto kwa kusogeza kuni. Mkuu wa shule anajua gesi inapopatikana. Kinachomkosesha usingizi ni mahindi yatakayomaliza mtungi kabla hayajaiva, mpishi asiyejua kupunguza moto wa gesi, na fundi wa kuja bomba likivuja siku ya mtihani. Shule nyingi zilifika tarehe ya ukomo zikiwa bado zinapikia kuni, na sababu zenyewe ni hizo pamoja na fedha.

Kwa hiyo kazi iliyokuwa inamsubiri mtu pale ilikuwa ya matengenezo kwa mkataba wa muhula, ya kufundisha wapishi kuloweka mahindi na maharage usiku, na ya kusambaza mkaa mbadala. Malighafi ya mkaa huo ipo: pumba za mpunga ziko Lower Moshi, maganda ya kahawa yako Moshi yenyewe kwenye viwanda vya kukoboa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unakwenda hadi 2034 na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Huo ni muda wa kutosha kwa mtu aliyeanza na jiko moja.

Na wale wanaosisitiza kwamba zabuni zina wenyewe: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni ziko kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni. Vikundi vingi ninavyokutana navyo vinalalamika na havijajisajili. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu, mwanzie hapo.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

"Kila badiliko la kodi ni la kutubana." Tangu 1 Julai 2023 kiwango cha mauzo kinacholazimisha kusajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kilipanda kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Nimewakuta watu wanaficha mauzo kwa kuogopa mstari ambao ulishasogezwa.

"Wageni wametolewa, sasa soko ni letu." Amri ya Julai 2025 imetaja aina 15 za biashara ambazo wasio raia hawaruhusiwi kufanya, zikiwemo kuongoza watalii na maduka ya vinyago, ambayo kwa Arusha ni jambo kubwa. Lakini supamaketi hazimo, na leseni zilizokuwepo ziliachwa zifike mwisho wake. Hatari kubwa naiona kwa vijana wanaoombwa kukopesha majina yao ili mgeni aendelee kwa mlango wa nyuma. Amri inamgusa na raia anayesaidia: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo usaini, kataa.

"Dola zimekatazwa, utalii umekwisha." Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mtalii anabadilisha dola zake benki au analipa kwa kadi. Mwenye duka pale Mnara wa Saa asiyepokea kadi ndiye anayepoteza mteja, na hilo linatibika kwa kwenda benki kuomba mashine.

"AFCON inakuja, nijenge loji." Uwanja wa Olmoti unaojengwa Arusha kwa mashindano hayo ni wa watazamaji 30,000, na wageni watakuwepo. Mashindano ni ya kama mwezi mmoja, marejesho ya mkopo ni ya miaka. Piga hesabu ya vyumba vyako kwa mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea na magari ya Serengeti yameegeshwa. Zikilipa kwa Aprili, jenga. Zisipolipa, kodisha nyumba iliyopo kwa msimu huo, au uza chakula, usafiri na ufuaji kwa waliokwisha kujenga.