Mkia wa kereng'ende hauna mwiba

"Usimshike, atakudunga na mkia!" Wengi tuliokulia Dar tumelisikia onyo hilo. Kereng'ende hana mwiba wala sumu. Ukimbana vidoleni anaweza kukung'ata kwa taya, basi.

Na akigusagusa dimbwi kwa ncha ya mkia, hanywi maji. Huyo ni jike, anataga mayai. (Wengine hugonga hata boneti ya gari linalong'aa, wakidhani ni maji. Hunichekesha kila mara.)

Yai likianguliwa hutoka mdudu asiye na mabawa, rangi ya tope, anayeishi majini. Mdomo wake wa chini umekunjwa kama mkono. Kiluwiluwi cha mbu kikipita karibu, unafyatuka na kukinasa. Matamvua yake yako ndani ya utumbo, kwa nyuma. Akikurupushwa hurusha maji kwa huko huko na kuchomoka kama mshale.

Wanaovua samaki wa trauti kwenye maji baridi ya milimani wanamjua mdudu huyu vizuri. Hufunga manyoya na nyuzi kwenye ndoana ili kumwiga, kisha huizamisha, maana trauti hula zaidi chini ya maji kuliko juu.