Somo la kidijitali hukaguliwa kwa masikio

Mwalimu akiniletea faili nimkagulie, sianzi kwa kulisoma. Nalifungua, nabonyeza Ctrl na F, halafu naandika neno lolote ninaloliona pale kwenye ukurasa wa kwanza. Kompyuta ikisema neno hilo halimo, nimeshajua: lile si andiko, ni picha ya andiko. Mtu kapiga picha kurasa za kitabu kwa simu, programu ikazifunga zikawa PDF, zikatumwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa, na kila mwenye macho akashukuru. Mwanafunzi asiyeona anafungua faili lile lile, simu yake inamwambia "picha" na kunyamaza, au haimwambii kitu kabisa.

Hilo ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, Unguja na Pemba, na ndilo jepesi kulitambua. Faili la asili mara nyingi lipo, kwenye laptopu ya mwalimu au flashi ya aliyechapa. Hakuna aliyeliulizia tu. Likikosekana, zipo programu za kutambua herufi, na kwa kitabu kilichochapwa vizuri zinasaidia, lakini lazima mtu akae asahihishe, kwa sababu l hugeuka 1 na m hugeuka r na n, na Kiswahili kimejaa m. Notisi zilizoandikwa kwa mkono ni za kuchapa upya, basi.

Kazi yangu ni kuangalia kama somo lililotayarishwa kwa kompyuta au simu linamfikia mwanafunzi asiyeona, mwenye uoni hafifu, kiziwi, na yule ambaye mikono yake haimudu mausi. Kipimo kinachotumika duniani ni WCAG, mwongozo wa ufikivu unaotolewa na W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, na una madaraja matatu: A, AA na AAA. Mimi nadai AA, la katikati. Upande wa sheria hatuna upungufu: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Zanzibar ilikuwa na sheria yake ya watu wenye ulemavu tangu 2006. Kinachokosekana ni mtu wa kulifungua faili na kulisikiliza kabla halijamfika mwanafunzi.

Nasema kulisikiliza kwa sababu walimu wengi wananiletea tiki. Word ina kikaguzi chake cha ufikivu, unakibonyeza, kinapekua faili na kukuorodheshea kasoro. Ni kitu kizuri na nawahimiza wakitumie. Lakini mwalimu mmoja kwenye mafunzo Chake Chake alinigeuzia laptopu yake, kidogo kakasirika: "Maalim, si hii hapa imesema hakuna kasoro? Unataka nini tena?" Nikamwomba tuisikilize kwa NVDA, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Kila picha katika somo lake aliiandikia maelezo ya kusomwa na programu hiyo, na maelezo ya kila picha yalikuwa neno moja: "picha". Kikaguzi kinauliza kama maelezo yapo. Hakiulizi kama yanasomesha.

NVDA, kwa asiyeijua, ni kisoma skrini cha bure cha Windows. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akajiunga naye James Teh, na wote wawili hawaoni. Ina kitu kinachonifaa sana kwenye mafunzo: ukibonyeza kitufe cha NVDA pamoja na Control na Escape, skrini inakuwa nyeusi tii na sauti inaendelea. Mwalimu akinyimwa skrini hana tena nafasi ya kujisaidia kwa kuchungulia. Kwenye simu za Android ipo TalkBack, imo tayari ndani ya simu nyingi, na kwa vijana wetu hiyo ndiyo muhimu zaidi, maana wenye simu ni wengi kuliko wenye laptopu.

Turudi kwenye maelezo ya picha. Chukua somo la jiografia kuhusu bamvua na maji mafu, yaani siku bahari inapojaa na kutoka sana na siku inapofanya hivyo kidogo. Kwenye faili kuna michoro miwili, na maelezo ya wa kwanza ni "Mchoro wa jua, mwezi na dunia". Tiki ipo. Kijana wa Mkoani asiyeona kazaliwa pwani, bamvua analijua kwa miguu yake. Asichokijua ni mwezi unakaa wapi siku hizo, na hicho ndicho mchoro ulichowekewa. Kwa hiyo nataka maelezo yaseme: "Jua, mwezi na dunia viko kwenye mstari mmoja, mwezi ukiwa katikati. Maji yamevimba pande mbili za dunia, upande unaoelekea mwezi na upande wa nyuma yake." Kwenye mchoro wa pili: "Mwezi umehama, sasa unafanya pembe mraba na jua. Uvimbe wa maji ni mdogo." Sentensi nne tu, somo limefika. Sina haja ya kuambiwa jua limepakwa rangi ya manjano na lina macho mawili yanayotabasamu. (Michoro ya kupakua kwenye intaneti ina matatizo yake.)

Kwenye mtihani mambo yanageuka. Swali linasema: taja sehemu ya moyo iliyooneshwa kwa herufi B. Mwalimu mwenye nia njema anaandika kwenye maelezo "B ni ventrikali ya kushoto", na jibu limeshatoka. Mwengine anajizuia, anaandika "B ni chumba cha chini upande wa kushoto wa moyo". Hapo pia katoa nusu ya jibu, kwa sababu kwenye mchoro wa kawaida wa moyo upande wa kushoto wa moyo unakaa kuliani kwa ukurasa, na mwanafunzi anayeona anatakiwa kulijua hilo mwenyewe. Andika anachokiona mwenzake: "B ni chumba cha chini, upande wa kulia wa mchoro, chenye ukuta mnene kuliko vyengine." Kila mmoja abaki na kazi ile ile ya kufikiri. Maelezo ya picha za mtihani nayakagua mara mbili, na ya pili namwachia mwalimu wa somo, kwa sababu mimi si mtu wa baiolojia.

Sasa niseme jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha huku kwetu: ile mistari myekundu. Unaandika somo la Kiswahili kwenye Word na karibu kila neno linapigiwa mstari mwekundu wa mawimbi chini yake. Walimu wameizoea, wengine wameizima ili isiwaudhi. Mistari ile inakwambia kwamba kompyuta inadhani unaandika Kiingereza na umekosea kila neno. Wewe unaweza kuipuuza. Kisoma skrini hakipuuzi, kinafuata lugha iliyowekwa kwenye faili, na ukiwa umekiambia ni Kiingereza kitakusomea kwa sauti ya Kiingereza. Niliwahi kusikiliza notisi za mmeng'enyo wa chakula. "Mate" yalisomwa kama Mwingereza anavyomwita rafiki yake, "wale" wakawa nyangumi, na "wake" akawa mtu anayeamshwa usingizini. Mwanafunzi anayesikiliza vile kwa saa nzima hasomi, anafumbua mafumbo.

Kurekebisha ni kazi ya dakika moja: chagua andiko lote, nenda kwenye sehemu ya lugha, weka Kiswahili. NVDA inakuja na sauti ya eSpeak NG ambayo Kiswahili imo. Sauti yenyewe ina ukavu wa bati, sikatai, lakini mate yatakuwa mate. Shughuli ni kwamba masomo yetu hayakai kwenye lugha moja. Sayansi ya sekondari inasomeshwa kwa Kiingereza na mwalimu anatia ufafanuzi wa Kiswahili katikati. Somo la dini lina Kiswahili na Kiarabu kwenye aya moja. Hapo kila kipande kinataka kupewa lugha yake, na Kiarabu kinataka pia mwelekeo wa kutoka kulia. Mwongozo wa WCAG unalitaka hili: lugha ya ukurasa mzima kwenye daraja A, lugha ya vipande kwenye daraja AA. Kwa wanaoandika lugha moja mwaka mzima huenda ni kanuni ndogo. Kwa Zanzibar naipandisha juu kabisa ya orodha.

Vichwa vya habari nitavipita haraka. Kukoza wino na kukuza fonti hakufanyi mstari kuwa kichwa cha habari. Tumia mitindo ya Word, ili asiyeona aruke kutoka mada moja hadi nyengine badala ya kusikiliza kurasa zote tangu mwanzo. Majedwali yawe majedwali kweli, si maneno yaliyopangwa kwa kubonyeza kitufe cha nafasi. Na unapotoa PDF, tumia njia ya kuhifadhi kama PDF, usipitie njia ya kuchapisha, kwa sababu ile ya kuchapisha huutupa muundo wote ulioutengeneza.

Kwa wenye uoni hafifu, wakiwemo vijana wengi wenye ualbino, tatizo la kwanza ni rangi. AA inataka andiko la kawaida lipambanuke na usuli wake kwa uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 au zaidi. Kijivu ambacho namba yake ya rangi kwenye kompyuta ni 777777, juu ya nyeupe, kinapata 4.48, kinaanguka, 767676 kinapata 4.54, kinapita. Jicho haliioni tofauti hiyo, na ndiyo maana simshauri mtu aishi mpakani. Slaidi zako zitatupwa na projekta kwenye ukuta wa chokaa, madirisha wazi, jua la saa sita. Andika nyeusi. Tatizo la pili ni PDF yenyewe kwenye simu: ukiikuza, mistari haijipangi upya, na mwanafunzi anabaki kuuvuta ukurasa kushoto na kulia kama anayesoma gazeti kupitia tundu la ufunguo. Kwa hiyo naomba faili la Word litumwe pamoja na PDF. Walimu wanahofia mtu atabadilisha maneno yao. Nawaambia abadilishe, nakala yako unayo.

Video nazikagua mara mbili, mara moja nimefumba macho, mara moja nimezima sauti. Nikifumba macho nasikia: "Hii hapa tunaijumlisha na hii, tunapata hii, tunaishusha huku." Kwa asiyeona somo limeishia hapo, na tiba ni mwalimu kutamka anachoandika: tatu x jumlisha mbili x, tunapata tano x. Wanaoona nao wanafaidika, hasa waliokaa nyuma. Nikizima sauti natafuta manukuu na mkalimani wa lugha ya alama. Mkalimani mara nyingi yupo, lakini kawekwa pembeni kwa ukubwa wa stempu, na video ikishabanwa ili ipite WhatsApp vidole vyake havionekani tena. Manukuu peke yake hayatoshi kwa kiziwi aliyekulia kwenye lugha ya alama, maana Kiswahili cha kuandikwa kwake ni lugha ya pili.

Kuna ushauri ninaousikia mara kwa mara, kwamba tutengeneze faili la kawaida kwa darasa na jengine jepesi kwa wasioona. Siuungi mkono. Mwalimu akigundua kosa kwenye swali la tano atalisahihisha kwenye faili la darasa, na lile la pili litabaki na kosa lake mpaka siku ya mtihani. Faili liwe moja, litengenezwe vizuri tangu mwanzo. Vinavyotengwa ni vile ambavyo skrini haiwezi kuvibeba: nukta nundu, na ramani za kushika. Ramani ya Pemba yenye ghuba zake zote, hata uielezee kwa aya tatu, haitomfika mwanafunzi mpaka vidole vyake vipite juu ya uzi uliogundishwa kwenye kadibodi.